Beji Iliyokaa Kabatini

Makarius, shusha muziki kidogo. Shusha tena. Hapo hapo.

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kasulu mjini, mlio Kibondo, mlio Muyama na kule mabondeni ambako redio haishiki mpaka uipandishe kwenye kichuguu, nawasalimu, mwakeye. Ni mimi Lukmani Dadi. Kila Jumapili saa kumi jioni nakaa hapa kuwasimulia maisha ya mtu aliyetutoka. Mmezoea kunisikia nikicheka kidogo, nikilia kidogo. Leo sitalia. Anayelia huonewa huruma, na mimi huruma yenu leo siitaki. Leo nina aibu. 

Tunamkumbuka Tharsisi Nduwayezu. Fundi wa eksirei. Amefariki mwezi uliopita, Mei mwaka huu wa 2015, nyumbani kwake Muyama, kwa malaria iliyompanda kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Narudia, wasikilizaji, ilikuwa malaria. Kuna watu wameanza kusema ni ile mionzi ya kazini. Si mionzi. Mionzi haikumuua Tharsisi. Kilichomwumiza ni kitu kingine, na kitu hicho nakijua kuliko mtu yeyote, maana nilikitenda mimi.

Nianze mwanzo, nisije nikakimbia.

Tharsisi aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake mwaka 1972, akiwa na miaka mitatu, wakitokea Burundi. Alikulia Muyama. Alilima maharage, alichuma kahawa, alikwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu. Uraia alikuwa nao. Kura alipiga. Akajifunza kazi ya eksirei, akaajiriwa katika hospitali ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na huko akakaa miaka mingi akipiga watu picha za vifua na mifupa.

Mkewe, mama Immakulata, amenisimulia jambo moja ambalo hata mimi nililiona. Tharsisi alipomwambia mgonjwa, "Vuta pumzi, ishike, usiiachie," na yeye alikuwa anaishika. Mgonjwa wa kwanza wa asubuhi na wa mwisho wa jioni, wote alibana pumzi pamoja nao. Immakulata anasema hata nyumbani, mtoto akichomwa sindano, baba ndiye anayebana pumzi.

Mtabila ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Januari 2013 Tharsisi akapata kazi katika kituo kimoja binafsi cha afya hapa Kasulu. Sitakitaja jina. Na mimi nilikuwa pale. Wengi wenu hamjui, lakini kabla ya kuwa mtangazaji nilikuwa karani wa masjala. Nilitunza mafaili ya wagonjwa, nilifungua barua, nilikuwa na kabati langu na ufunguo wake. Ukimpa mtu wa kwetu kabati na ufunguo, umeshampa ukubwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, niwaeleze beji.

Mtu anayefanya kazi ya eksirei huvaa kifuani kidude kidogo cha plastiki, ukubwa wa kiberiti. Hakiwaki taa, hakilii. Kinakaa tu. Kila baada ya miezi mitatu kinapelekwa Arusha, kingine kinaletwa, wataalamu wanakisoma kile cha zamani, halafu wanaandika barua: mtu wenu amepata mionzi kiasi hiki. Ni matakwa ya sheria, sheria ya kumlinda mfanyakazi. Beji haizuii mionzi. Inapima tu. Na inapima pale ilipo. Neno hilo nalirudia: beji inapima pale ilipo.

Mwezi wa kwanza tu, mama Immakulata akafua koti la mumewe na beji ikiwa mfukoni. Ikachemka na sabuni, ikaanikwa kambani pamoja na nepi za mtoto. Ikabidi kuomba nyingine, na mganga mfawidhi aliyekuwapo akamfokea Tharsisi mbele ya watu. Mimi nikamwonea huruma. Kweli kabisa, wasikilizaji, mwanzo wake ulikuwa huruma. Nikamwambia, kaka, hiyo mpya nipe mimi nikutunzie.

Tharsisi alisita. Alisema beji ni ya kuvaliwa. Nikamuuliza, ukiipoteza tena je? Mfawidhi akasema haya, itunzwe vizuri, na hakuuliza itatunzwa wapi. Nikaifunga kwenye kitambaa cheupe, nikaiweka katika kabati langu, rafu ya juu, pamoja na vikombe sita vya wageni.

Msinicheke. Au nichekeni, lakini mkimaliza mwangalie nyumbani kwenu. Sisi watu wa huku kitu kikija kizuri tunakificha. Sahani za maua ziko kabatini zinamsubiri mgeni ambaye hajazaliwa. Rimoti ya televisheni iko ndani ya nailoni yake mpaka vitufe havionekani. Baiskeli inatimiza mwaka ina karatasi za dukani. Kwa hiyo kifaa cha serikali, chenye namba, kilichotoka Arusha, mimi nikiache kwenye koti la mtu kipigwe vumbi? Nikakitunza. Mwisho wa mwezi wa tatu nikakituma kikiwa kinang'aa.

Tharsisi naye alikosea kukubali. Alikuja kuniambia hivyo mwenyewe. Lakini yeye kosa lake alilitaja kwa mdomo wake.

Barua ya kwanza ikarudi safi kabisa. Mionzi karibu na sifuri. Mfawidhi akaibandika ukutani, akatupongeza. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu apige picha thelathini kwa siku na kifua chake kisione kitu. Beji ile ilikuwa imepima usalama wa vikombe.

Mwezi wa nne mvua ikazidi. Paa la masjala likawa linavuja pale mlangoni, juu ya kabati langu. Nikalisukuma hadi ukuta wa ndani, ule uliopakwa rangi ya kijani, kando ya meza ya dada Zaitun. Zaitun alikuwa mwandikaji wa kadi. Ukuta ule ulikuwa na ubaridi mzuri, na Zaitun alikuwa ndiyo kwanza amepata mimba, joto linamsumbua, kwa hiyo aliuegemea kutwa.

Nyuma ya ukuta ule ndipo palipokuwa na chumba cha eksirei. Na pale pale, upande wa pili, ndipo mgonjwa alipokuwa anasimamishwa apigwe picha ya kifua. Tulichokuwa hatukijui sisi ni kwamba zamani, jengo lilipokuwa ghala la mahindi, pale kati palikuwa na dirisha. Wakaliziba kwa matofali mabichi ya udongo, safu moja tu, wakapiga lipu, wakapaka rangi. Lipu haina kumbukumbu. Ukiitazama ni ukuta.

Agosti 2013 barua ya pili ikaja. Mimi ndiye niliyeifungua.

Ilisema beji ya Tharsisi Nduwayezu, kuanzia Aprili hadi Juni, imeonyesha milisiveti saba. Ili mnielewe: mtu wa kawaida, asiyefanya kazi ya mionzi, hatakiwi kuzidi moja kwa mwaka mzima. Hii ilikuwa saba kwa miezi mitatu. Barua haikusema mfukuzeni. Barua ilisema chunguzeni mtuambie chanzo.

Niliisoma nimesimama, mkono mmoja umeshika barua, mwingine uko juu ya kabati. Nikaelewa. Kifua cha Tharsisi beji haikukijua. Kama imepata saba, basi saba ziko hapa nilipoweka mkono. Nikageuka nikamwona Zaitun ameegemea ukuta, anakula embe bichi kwa chumvi.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Nilichofanya ni hiki. Nilifungua kabati, nikaitoa beji ya miezi ile iliyokuwa inaendelea, nikaifungua kitambaa. Nikaingia chumba cha eksirei, Tharsisi akiwa nje anakunywa chai. Koti lake lilikuwa msumarini. Nikaibana beji kwenye koti lake. Nikarudi masjala, nikapeleka barua kwa mfawidhi.

Nilikuwa na mke na watoto wawili na kazi ya mezani. Kuificha beji ya mionzi ni kuvunja sheria, na aliyeificha ni mimi. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi kwa miaka miwili, sijaipata.

Mfawidhi wakati huo alikuwa mpya, amefika Juni, mambo ya kabati hayajui. Akamwita Tharsisi. Tharsisi akasema kweli yote: mheshimiwa, mimi beji sijaivaa, inakaa masjala kwa Lukmani, tumekosea, hebu twende tukaangalie huko. Nikaitwa. Nikaulizwa mbele yake kama ni kweli.

Nikasema, "Kabati langu lina mafaili na vikombe. Beji yake naiona kwenye koti lake."

Mfawidhi akaenda kwenye koti. Akaikuta.

Tharsisi alinitazama. Nilidhani atanirukia. Hakupandisha sauti. Alisema, "Sawa, Lukmani." Akafukuzwa saa ile ile, kwamba anajipiga mionzi kwa uzembe na kusingizia wenzake. Na kule nje maneno yakaanza, kwamba mkimbizi ni mkimbizi tu, unampa kazi anakupaka matope. Mtu aliyekulia Muyama. Mimi niliyasikia, nikawa napanga mafaili.

Halafu akafanya jambo ambalo siku ile tulilichukulia kuwa wazimu. Badala ya kwenda kuchukua vitu vyake, aliingia masjala moja kwa moja. Akamwambia Zaitun, dada samahani, hebu simama. Akaikumbatia meza yake, na kadi zikiwa juu, na wino juu, akaivuta hadi upande wa pili kabisa, chini ya dirisha la barabarani. Zaitun akaja juu. Akamwambia umefukuzwa wewe unanihamisha mimi, huku vumbi lote la malori litanijia usoni.

Tharsisi akasema, "Bora vumbi, dada yangu. Pale ukutani usirudi, hata wakikuamuru."

Akachukua koti lake akaondoka. Beji aliibandua, akaiacha juu ya meza yangu.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, nimetoka msikitini, nikamkuta barazani kwangu. Mke wangu alikuwa ameshamkaribisha. Nilimpa chai katika vikombe vya wageni. Ndivyo tulivyo, hata unayemdhulumu unampa kikombe kizuri. Hakunilaumu. Aliniomba mistari miwili.

Alisema, "Kazi sitaki urudishe. Niandikie mistari miwili tu, kwamba beji ilikaa wapi. Wakiamini ilikuwa kifuani mwangu, wataniangalia mimi. Hawatauangalia ukuta."

Mistari miwili. Aliirudia akiwa ameshasimama mlangoni. Mistari miwili, Lukmani.

Nikamjibu, nitaandika, inshallah. Jina la Mwenyezi Mungu nikaligeuza pazia.

Sikuandika. Na pale ukutani palipobaki wazi, mfawidhi akaagiza liwekwe benchi la akina mama wanaosubiri kadi. Nilishika upande mmoja wa benchi lile. Nililibeba, wasikilizaji. Nikijua. Kuanzia Agosti hadi Januari mama zenu, dada zenu, wamekaa pale na watoto migongoni, wanafurahia ubaridi wa ukuta. Kila nilipowaita majina nilikuwa naita haraka haraka ili wainuke. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yangu, kuita majina haraka.

Januari 2014 mkaguzi akaja, kwa kuwa barua ile haikujibiwa. Kijana mpole, ana kipimo chake cha mkononi. Mama wa jikoni alimwandalia ugali na kuku, na mfawidhi, kwa heshima, akaagiza mashine izimwe mgeni asije akadhurika. Mkaguzi akacheka. Akasema mashine iliyolala haipimiki, iwasheni, pigeni kama mnavyopiga siku zote. Akazunguka nje ya chumba, mlangoni, koridoni, dirishani, kote shwari. Akaingia masjala. Kwenye ukuta wa kijani kipimo kikapanda. Akarudia mara tatu. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukaitika kwa sauti ya udongo.

Chumba kikafungwa hadi ukuta ulipojengwa upya na kuwekewa bamba la risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Kwa hiyo ukuta ulipona, na Tharsisi alikuwa ameusema miezi mitano kabla.

Mkaguzi alikuwa na swali moja la mwisho. Alituuliza sote, ile beji yenye saba ilikuwa inakaa wapi? Mfawidhi akanitazama mimi, karani. Nikasema sijui. Basi akaandika alichoambiwa toka mwanzo, kwamba mhusika aliivaa mwenyewe. Saba ikabaki kwenye jina la Tharsisi.

Mwaka huo huo aliomba kazi Kibondo. Mashine ilikuwapo, fundi hawakuwa naye. Walipenda kila kitu chake hadi walipoomba kumbukumbu zake za mionzi. Wakamwambia, samahani, wewe ni mtu wa hatari kazini. Alirudi juu ya lori la muhogo, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Immakulata anasema aliingia ndani, akatundika koti lake jeupe nyuma ya mlango, na hakulivaa tena. Akashika jembe.

Mimi mwaka huo huo nikapata kazi hapa redioni. Mkanipenda. Mkaniletea ndizi na maharage hadi hapa mlangoni, mkasema Lukmani ana sauti ya ukweli.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Muyama kuhani msiba. Nilikaa mwisho kabisa, karibu na kuni. Immakulata alinitambua kwa sauti nilipoitikia salamu. Akaja akakaa karibu yangu juu ya mkeka, mwanamke mwembamba, macho makavu. Nilitaka kuanza kueleza. Akanizuia kwa mkono.

Akasema, "Alikuwa anakusikiliza kila Jumapili. Nilimwambia azime hiyo redio, akakataa. Akasema, mwache, siku moja atasema."

Nikamuuliza kama ananiruhusu nimkumbuke katika kipindi hiki. Akanijibu, "Sema. Lakini usimsifu. Sifa hakuomba."

Kwa hiyo kama nimemsifu leo, mama Immakulata, nisamehe na hilo.

Jana nilimpigia dada Zaitun. Sasa anaishi Kibondo, ana duka la vitenge. Sikutaka alisikie redioni kama mtu baki. Nilimweleza yote, ukuta, kabati, meza. Kisha akasema, "Miaka miwili nawachekesha wateja wangu kwa kisa cha mwendawazimu aliyenibebea meza." Halafu akauliza habari za kaburi, kwamba liko upande gani wa kanisa. Mtoto wake alizaliwa Desemba ile, mzima, leo anakimbiza kuku. Alhamdulillahi. Lakini sitaki mtu aseme basi hakuna kilichoharibika. Waliokaa kwenye benchi sina majina yao yote. Kama ulikaa pale, mama, Agosti 2013 hadi Januari 2014, masjala ya kituo kile karibu na ukuta wa kijani, njoo hapa redioni uniulize. Nitatoka nje nikujibu uso kwa uso, na ukitaka kwenda hospitali kuuliza zaidi, nitakusindikiza.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Wangu alizaliwa ile saa niliyoweka mkono juu ya kabati, nikakaa naye miaka miwili nikijifanya simjui. Nawe unayenisikiliza, labda huna beji. Labda una mizani dukani, au daftari la mahudhurio shuleni, au unajua jambo moja dogo ambalo mtu mwingine anaadhibiwa kwa ajili yake. Fikiri leo kabla ya kulala. Usingoje mwenyewe azikwe ndipo uwe jasiri.

Mama Immakulata, watoto, ukoo wote wa Nduwayezu pale Muyama na wale walio ng'ambo Burundi: pokeeni pole. Ni pole ya mtu asiyestahili kuwapa, lakini sina nyingine. Mungu ampumzishe Tharsisi panapomfaa.

Makarius, muziki usipandishe bado.

Ninayo karatasi hapa. Nakala ya kwanza ameshapelekewa mama Immakulata, ya pili nimeituma Arusha, ya tatu Kibondo kule walikomkataa. Haina sifa wala maelezo. Ni ile mistari miwili aliyoniomba Tharsisi akiwa amesimama mlangoni kwangu.

Beji ya Tharsisi Nduwayezu, kuanzia Februari hadi Agosti 2013, ilikaa masjala, ndani ya kabati langu, na tangu Aprili kabati hilo lilikuwa kwenye ukuta wa eksirei.

Hakuivaa hata siku moja, na aliyeiweka humo, kisha akaihamishia kwenye koti lake, ni mimi, Lukmani Dadi.